Uliza Bwana Shamba: Kisiwa cha mawe, upepo na zabibu

Mwezi uliopita, nikijibu swali la upepo unaovunja matawi ya mizabibu kule Hombolo, Dodoma, niligusia kwa aya mbili kisiwa cha Pantelleria, mali ya Italia. Nikisoma Palermo nilikwenda huko misimu mitatu, kuanzia 2017, kuvuna zabibu katika shamba la kilimo hai. Nilidhani nimemaliza. Barua zilizoingia zimezidi hata zile za viwavijeshi. Basi safari hii ukurasa wote ni wa kisiwa. Wenye maswali ya kuku na mihogo mnisamehe, zamu yenu inakuja.

Shikamoo Bwana Shamba. Ulisema mizabibu ya huko hupandwa shimoni na haifiki hata magotini. Sisi tunaijengea nguzo na waya ili ipande juu ipate hewa. Kwa nini wao wanailaza? Na je, niige?
*Mkulima, Hombolo*

Marahaba. Siku yangu ya kwanza nilimuuliza mzee mwenye shamba, "Mizabibu iko wapi?" Akanyoosha kidole kwenye viatu vyangu. Nilikuwa nimesimama katikati ya shamba nikitafuta nguzo na waya, kumbe mizabibu imejilaza ardhini pande zote kama kuku wanaotamia.

Kisiwa hicho kina kilomita za mraba 83 tu, na kimekaa peke yake baharini kati ya Sicily na Tunisia. Kutoka Tunisia ni kama kilomita 70, kutoka Sicily kama 100. Hakuna kinachozuia upepo. Kusini mashariki unatoka sirocco, wa moto, wakati mwingine umebeba vumbi jekundu la Sahara. Kaskazini magharibi unatoka maestrale, umebeba chumvi ya bahari. Ukiweka nguzo na waya kule, mwezi mmoja tu majani yote yameungua kwa chumvi na machipukizi yamekatika.

Kwa hiyo kila shina linachimbiwa bakuli lake, kina chake kama sentimita 20, na linakaa humo. Wakati wa kupogoa, miezi ya baridi, wanaliacha na mikono michache mifupi inayotambaa kwenda pembeni. Wao huita alberello, yaani kimti. Upepo unapita juu ya kichwa chake. Usiku hewa yenye unyevu wa bahari inatulia ndani ya bakuli na asubuhi unakuta udongo una ubichi kidogo, na huo ubichi una maana kubwa, kwa sababu mvua yote ya mwaka ni milimita 400 na kitu, na karibu yote hunyesha majira ya baridi. Kiangazi hakuna tone. Mto hakuna. Mabomba ya kumwagilia kwenye lile shamba hayakuwepo.

Mwaka 2014 UNESCO iliingiza namna hii ya kulima mzabibu katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika. Mzee alikuwa na nakala ya cheti ukutani. Alisema cheti hakimsaidii magoti. Ndivyo ilivyo, kwa sababu kila kazi ya mzabibu huo unaifanya umepiga magoti au umeinama, na mashine haiwezi kuingia. Nilivuna kwa magoti wiki ya kwanza, wiki ya pili nikafunga vipande vya godoro kwenye suruali.

Lakini shimo ni nusu ya hadithi. Nusu nyingine ni kuta. Miteremko yote imekatwa ngazi ngazi, na kila ngazi inashikwa na ukuta wa mawe meusi ya volkano, bila udongo wala saruji katikati. Ukijumlisha kuta za kisiwa kizima unapata maelfu ya kilomita. Huwezi kuelewa kwa nini mpaka uchimbe mwenyewe: kila jembe likishuka linagonga jiwe, na kila jiwe ulilotoa lazima uliweke mahali. Ukuta kwanza ni ghala la mawe. Halafu ndipo unashika udongo usishuke na mvua, unapitisha maji taratibu bila kubomoka, unakinga upepo, na usiku unatoa joto ulilokula mchana.

Nilipewa kazi ya kukarabati mita tatu. Nikajenga kwa siku mbili, nikajisifu, nikapiga picha. Mvua ya kwanza ya Septemba ikaulaza wote juu ya mizabibu sita. Mzee hakunigombeza. Alinipakia kwenye gari lake dogo akanipeleka Mursia, pwani ya magharibi, ambako watu wa zama za shaba walikuwa na kijiji. Ukuta waliouzungushia kijiji chao zaidi ya miaka 3,500 iliyopita bado umesimama, mahali pengine ni mrefu kuliko nyumba ya kawaida, na hauna hata chembe ya chokaa. Karibu yake kuna makaburi yao, wanayaita sesi: vilima vya mawe vyenye vijia vya kuingilia, kila kijia na chumba chake cha mfu. Kubwa kuliko yote lina vijia zaidi ya kumi. "Angalia mawe makubwa wameyaelekeza wapi," akaniambia. Yote yalikuwa yameingiza mkia ndani, yameonyesha uso nje, na ukuta umeegemea mlima kidogo. Mimi nilikuwa nimepanga mawe kwa uzuri wa uso tu, kama mtu anayepanga vigae.

Sasa kuiga. Kama shamba lako lina udongo mwekundu wa kichanga, ukuta wa mawe upande wa upepo utakufaa, na mawe Hombolo hamna shida nayo. Shimo usiige. Mvua yetu huja kwa mafuriko kati ya Desemba na Aprili, tena mizabibu ikiwa na majani. Bakuli litajaa maji, na ubwiri vinyoya, ule ugonjwa wa ukungu wa majani, utakukuta umekaa tayari. Wenye udongo mweusi wa mbuga ndio kabisa, msifikirie hata.

Bwana Shamba, mimi ni Mwislamu, sinywi na wala sipendi kusoma habari za ulevi kwenye gazeti ninalolisoma na wajukuu. Hivi hicho kisiwa kina kitu gani kwa mtu kama mimi?
*Bibi, Zanzibar*

Shikamoo bibi. Swali lako ndilo nililolipenda kuliko yote.

Zabibu yao inaitwa zibibbo. Itamke kwa sauti mbele ya wajukuu. Ni neno letu, au tuseme sisi na wao tumelichukua duka moja: Kiarabu, zabib. Kwa Mwarabu zabib ni iliyokwisha kukaushwa, na mbichi anaiita inab. Sisi tukachukua jina la ile kavu tukalivisha tunda bichi, na ndiyo maana tunalazimika kusema "zabibu kavu", ambayo kwa sikio la Mwarabu ni kama kusema kavu kavu. Nadhani, na hili ni la kichwa changu mwenyewe, ni kwa kuwa pwani yetu ilizijua zikiwa kavu ndani ya magunia ya majahazi zamani sana kabla watu wengi hawajauona mti wake. Watu wa Pantelleria walifanya mchezo uleule kwa sababu tofauti: mti walikuwa nao, lakini waliulima ili wakaushe. Tunda likaitwa kwa jina la kile litakachokuwa.

Waislamu kutoka Afrika Kaskazini walikitawala kisiwa hicho kwa karne kadhaa, mpaka Wanormani wa Sicily walipokichukua mwaka 1123. Hata baada ya hapo Kiarabu kiliendelea kuzungumzwa humo muda mrefu. Ukishika ramani leo utadhani umepotea: Khamma, Gadir, Rekhale, Bugeber, Bukkuram. Hili la mwisho hufasiriwa "baba wa mashamba ya mizabibu". Gadir ni ghadir, kidimbwi, na ukifika unakuta kweli vidimbwi vya maji ya moto kando ya bahari, wazee wamekaa humo na kofia zao wanaongea siasa.

Zabibu huvunwa kuanzia mwezi wa Agosti na kuanikwa juani kwenye viwanja vilivyozungushiwa kuta nyeupe, wiki tatu mpaka nne, zinageuzwa kwa mkono moja moja. Usiku zinafunikwa umande usizifikie. Kilo nne hivi za mbichi zinakupa kilo moja. Harufu yake ukipita jioni ni ya asali na maganda ya machungwa. Humo kuna ambazo haziendi kwenye divai kabisa: huuzwa kwa kula tu, au hutiwa kwenye keki na kwenye samaki. Na chakula chao cha sikukuu ni kuskus ya samaki. Kwa hiyo bibi, ungekaa pale mwezi mzima usikose cha kula wala cha kuwasimulia wajukuu.

Ndugu Bwana Shamba, zabibu hiyo ulisema kwa kitaalamu inaitwa Muscat of Alexandria. Mimi niko Maskati mwaka wa kumi na mbili. Je, imetoka kwetu?
*Msomaji, Maskati*

Ningependa kukupa heshima hiyo ndugu yangu, lakini hapana. Maelezo yanayokubalika zaidi ni kwamba jina limetokana na miski, kwa ajili ya harufu. Ipo familia nzima ya zabibu zenye harufu hiyo, na zote zimebeba jina hilohilo. Vipimo vya vinasaba vimeonyesha kuwa huyu wa Alexandria ni mtoto wa muscat mweupe wa punje ndogo na zabibu nyingine ya kale ya Mediterania. Iskandaria yenyewe huenda ilikuwa bandari ya kupitishia tu. Mji wako haumo kwenye ukoo.

Mimi ni mwalimu wa jiografia. Hapa kwetu tuna Ziwa Ngozi na mlima Rungwe, wanafunzi wangu wanajua volkano kwa macho. Tueleze mazingira ya asili ya hilo shamba lako: udongo, misitu, wanyama.
*Mwalimu, Tukuyu*

Mwalimu, wanafunzi wako wangejiona nyumbani. Kisiwa chote ni kichwa cha volkano kilichochomoza baharini. Miaka kama 45,000 iliyopita ulitokea mlipuko uliofunika karibu kisiwa kizima kwa jivu la moto lililogandamana likawa mwamba wa kijani, halafu kitovu kikadidimia kikaacha kaldera, yaani shimo kubwa la volkano. Ndani ya kaldera hiyo ndimo ulimokuja kuchomoza Montagna Grande, mlima wenye mita 836, na pembeni yake yakabaki mabonde mawili matatu yenye udongo wa kina. Aina moja ya mwamba wa volkano duniani inaitwa pantellerite kwa sababu ya pale. Mlipuko wa mwisho ulikuwa mwaka 1891, chini ya bahari, kaskazini magharibi ya kisiwa.

Shamba letu lilikuwa ukingoni mwa bonde la Ghirlanda. Udongo wake mwepesi, wa kijivu, una vipande vya jiwe la povu. Ukiutia maji unayanywa yote na kuyaficha chini, na ndiyo siri nyingine ya mzabibu kuishi bila kumwagiliwa. Juu ya shamba, kwenye mwamba, kuna makaburi yaliyochongwa zama za Bizanti. Mwenye shamba alikuwa anaweka ndoo zake humo kivulini, mpaka watu wa urithi wakamwambia aache.

Ukipanda zaidi unaingia msitu: misonobari, mialoni ya majani magumu, na vichaka vya Mediterania vyenye harufu ya dawa. Asubuhi ukungu hukaa mlimani wakati pwani jua limeshapamba moto. Mwezi wa Mei 2016 moto uliteketeza mamia ya hekta za msitu huo, na nilipofika mwaka uliofuata vigogo vyeusi bado vilikuwa vimesimama kama miti ya umeme. Mwaka huohuo wa 2016 sehemu kubwa ya kisiwa ikatangazwa hifadhi ya taifa, na ni ya kwanza katika mkoa wa Sicily. Nitasema jambo ambalo wapenda misitu hawatalifurahia: sehemu ya msitu ule imeota juu ya ngazi za mizabibu zilizoachwa. Ukitembea ndani yake unakanyaga kuta. Zamani mizabibu ilichukua maelfu ya hekta, leo ni mamia tu, kwa kuwa vijana wameondoka na magoti yao. Na ngazi iliyoachwa ikajaa vichaka vikavu ndiyo kiberiti cha moto unaofuata. Shamba linalopaliliwa ni kizuizi cha moto kuliko bango lolote.

Ndege: kisiwa kiko njiani mwa wale wanaohama kati ya Afrika na Ulaya. Nilikuwa nikiona mbayuwayu mwezi wa Septemba wamejaa kwenye nyaya, nikijua baadhi yao wataniwahi kufika nyumbani. Kuna pia kindege cha buluu na manjano kinachokaa humo mwaka mzima ambacho ni cha jamii ya Tunisia na Algeria, si cha jamii ya Ulaya bara. Ndege hawakuuliza mpaka uko wapi.

Na kuna ziwa, nalo lazima niliseme kwa sababu ya Ngozi yako. Linaitwa Specchio di Venere, Kioo cha Zuhura. Limekaa kwenye bakuli la volkano, maji yake yana magadi, na kandokando mna chemchemi za moto, nyingine zinapita nyuzi 50. Rangi yake inabadilika kutoka maziwa mpaka feruzi kwa siku moja. Flamingo hupita. Watu hujipaka tope lake jeupe mwili mzima, wanakaa juani mpaka likauke, halafu wanajitosa. Nami nilijipaka. Mzee alinitazama akacheka mpaka akakaa chini.

Nimekulia nyumba ya mawe na boriti. Kwenye picha uliyoweka, zile nyumba zina paa kama matumbo ya sufuria zilizofudikizwa. Ni misikiti?
*Msomaji, Lamu*

Swali zuri, na si misikiti. Ni nyumba za wakulima, wanaziita dammusi. Kuta zake mawe meusi, unene unafika mita na zaidi, madirisha madogo. Boriti hawana, kwa sababu miti mirefu ya kujengea ni adimu, kwa hiyo dari inakunjwa kuwa kuba la mawe. Juu yake walikuwa wanamwaga mchanganyiko wa chokaa na vumbi la volkano, wanaupiga kwa magongo ya mbao siku kadhaa mpaka unagandamana usipitishe maji. Wewe wa Lamu huhitaji kuelezwa zaidi, bibi zako wameimba nyimbo za kupiga sakafu.

Lakini lile tumbo la sufuria si urembo. Mvua ikinyesha, maji yanateremka kwenye mikunjo ya paa, yanaingia kwenye mfereji, yanatumbukia kwenye birika, yaani tangi la maji, chini ya nyumba. Paa ndiyo mto wao. Huo utaratibu ni wa kale mno. Wafoinike na watu wa Karthago walichimba mabirika kote kisiwani, na Warumi wakaendelea nayo. Mwaka 2003, kwenye kilima cha San Marco palipokuwa na mji wa zamani, wachimbaji wa mambo ya kale walitoa ndani ya mabirika vichwa vitatu vya marumaru vya watu wakubwa wa Roma: cha Julius Caesar, cha Antonia Mdogo na cha Titus. Vimetunzwa na kiza na matope karibu miaka elfu mbili, pua zikiwa nzima.

Niongeze kimoja ambacho hukuuliza. Pembeni ya nyumba nyingi kuna mnara mnene wa mawe, wa mviringo, hauna paa, una mlango mdogo wa kuinama. Nilidhani ni zizi. Mzee akanifungulia: ndani mti mmoja. Mchungwa mmoja, umejaa matunda, umezungukwa na ukuta wa kimo cha mita nne uliojengewa mti huo peke yake! Wanauita bustani. Ukuta unazuia upepo, mawe yanatoa jasho la usiku na kulidondosha kwenye mizizi, na mti haumwagiliwi. Shirika la urithi la Italia, FAI, linatunza mmoja kule Khamma ambao unaweza kuutembelea. Nimeona majumba ya wafalme Palermo, lakini sijaona kiumbe aliyejengewa kwa heshima kama ule mchungwa.

Kaka, niko Napoli, nataka kwenda huko kwa kazi ya mavuno. Nasikia wanapaita Binti wa Upepo. Nauli na njia ikoje?
*Kijana, Napoli*

Njia: fika Trapani, Sicily. Kuna ndege ndogo, na kuna meli inayosafiri usiku na kukufikisha alfajiri. Weka siku mbili za ziada kila upande. Mwaka wa pili nililala bandarini Trapani usiku mbili, mgongo kwenye begi, kwa kuwa sirocco ilikataa meli isiondoke. Kuhusu kazi, usipande meli bila makubaliano ya maandishi na mwenye shamba na bila karatasi zako kuwa sawa. Mashamba ni madogo, wengi huvuna na ndugu zao.

Hilo jina la Binti wa Upepo, bint al-riyah, utalikuta kwenye kila kipeperushi cha watalii. Ni tamu na linaeleweka hata kwetu, binti ni binti. Ila wanajiografia wa Kiarabu wa zama zile waliandika Qawsara, ambalo ni mwangwi wa jina la Kirumi, Cossyra. Kwa hiyo mwimbie nalo mchumba, usilijibie mtihani.

Siku ya hewa safi panda Montagna Grande asubuhi mapema. Ng'ambo utaona mstari wa bluu iliyokolea. Ile ni Afrika. Nilikaa pale saa nzima mara ya kwanza, na sikupiga picha.

Kwenye hoteli ninayofanya kazi tunauza divai yenye nembo ya jani la nyota kwenye kijani. Wageni wananiuliza maana yake, najibu "haina dawa". Ni sahihi?
*Mhudumu, Arusha*

Si sahihi, ingawa si uongo wote. Nembo hiyo ni ya kilimo hai ya Umoja wa Ulaya. Shambani hairuhusiwi mbolea ya viwandani wala viuatilifu vya kutengenezwa maabara, na shamba la kudumu kama mizabibu linahesabu miaka mitatu ya kubadilika kabla ya kuitwa hai. Lakini salfa inaruhusiwa dhidi ya ubwiri unga, ukungu mweupe wa majani, na mrututu, ambao ni dawa ya shaba, nao unaruhusiwa, kwa kipimo: shaba isizidi kilo 28 kwa hekta katika miaka saba. Mpaka 2012 walikuwa na haki ya kuandika tu kwamba zabibu ndizo za kilimo hai. Kuanzia mavuno ya mwaka huo ndipo sheria ikagusa na pishi, na divai yenyewe ikaweza kuitwa hai. Salfaiti za kuhifadhia zinaruhusiwa, ila kwa kiwango cha chini: nyekundu kavu haitakiwi kupita miligramu 100 kwa lita, wakati ya kawaida inaruhusiwa 150.

Kwa mgeni jibu fupi ni "dawa zake chache na zimehesabiwa". Kwenye lile shamba letu, salfa ya unga ilipigwa mara chache tu, asubuhi, kwa pampu ya mgongoni. Upepo uleule unaovunja matawi ndio unaokausha majani, na jani kavu halioti ukungu. Mzee alikuwa hajajua neno "hai" mpaka mtoto wake alipoleta fomu. Mkaguzi alipokuja kuuliza mbinu yake ya kudhibiti magonjwa, alionyesha angani.

Mzee mwenzangu, hivi Vita vya Pili havikufika kisiwa kidogo namna hiyo?
*Mstaafu, Morogoro*

Shikamoo mzee, mimi bado kijana. Vilifika vibaya. Italia ilikuwa imekijaza mizinga na kuchimba banda la ndege za kivita ndani ya kilima. Waingereza na Wamarekani walikimiminia zaidi ya tani 6,000 za mabomu, na kikasalimu amri tarehe 11 Juni 1943, mwezi mmoja kabla ya Sicily kuvamiwa. Mji wa bandarini uliangamia, ndiyo maana leo una majengo ya saruji yasiyo na sura pembeni ya ngome ya kale. Operesheni yenyewe waliipa jina la kizibuo cha chupa ya divai. Wazee wa kule hawalioni la kuchekesha.

Bwana Shamba, ulirudi na vipando? Tuuzie basi hata vijiti viwili vya hiyo zibibbo.
*Mkulima, Mpunguzi*

Sikurudi na kijiti, na ukimwona mtu anauza vipando vilivyosafirishwa kwenye begi, mkimbie. Kuna kidudu kinaitwa filoksera, kinakaa mizizini, ambacho kiliangamiza mizabibu ya Ulaya karne ya 19. Kinaweza kusafiri na mzizi mmoja wenye udongo. Vipando vya nje huingia kwa kibali cha afya ya mimea na kupita karantini. Anzia kituo cha utafiti Makutupora, waulize walichonacho.

Unachoweza kuchukua kutoka kule bila kibali ni kukausha. Sisi Dodoma tunavuna mara mbili kwa mwaka, na mavuno ya Agosti na Septemba yanaangukia kiangazi, hewa kavu, jua kali, mvua hamna. Bei ya mbichi ikianguka, usizitupe. Chagua vichala visivyopasuka, anika juu ya wavu ulioinuliwa ardhini si chini ya theluthi mbili za mita, geuza kila siku, funika usiku. Mavuno ya Machi usijaribu, zitaoza.

Nilichorudi nacho ni chupa moja ya kapari, yale matumba ya maua yanayoota kwenye nyufa za kuta za kule, yaliyochumwa alfajiri na kulazwa kwenye chumvi. Nikampa mama, Hombolo. Akaonja moja, akatema, akauliza kama Wazungu wana ugomvi na ini. Nikamwambia huoshwa kwanza. Akaziosha maji matatu, akazikata, akazitia kwenye mlenda. Jioni ile hatukuongea, tulikula ugali mpaka sufuria ikalia. Wiki iliyopita kanipigia simu: zile punje zimekwisha, na je, yule mzee bado yu hai?